Shukrani kwa muuguzi aliyebandika lebo kwenye kadi

Dada muuguzi, jina lako hatulijui, lakini ile lebo ndogo ya bomba la sindano uliyoibandika kwenye kadi ya mteja imetupunguzia kazi kubwa mno sisi tunaomtibu sasa. Asante sana.

Vinundu vilijitokeza shavuni miezi 4 baada ya sindano ya fila (dawa ya kujaza na kunenepesha ngozi), muda mfupi baada ya mafua makali. Bila lebo tungebaki kukisia. Ilionyesha jina la dawa, namba ya bechi na tarehe, nawe ukaongeza kwa kalamu: mililita 0.5 kila shavu. Tukajua ni asidi ya hayaluroniki, inayoyeyushwa na kimeng'enya cha hayaluronidesi. Ingekuwa silikoni au chembe za kalisi, kimeng'enya hicho kisingefua dafu.

Asante hasa kwa onyo lako la pembeni: asikande, asianzishiwe steroidi (dawa za kutuliza uvimbe). Uvimbe uliochelewa, mwekundu, wenye joto na maumivu, huenda unaficha bakteria waliojijengea utando juu ya fila. Steroidi peke yake hufifisha wekundu tu, huku maambukizi yakiendelea chini kwa chini. Hapo antibiotiki hutangulia, kimeng'enya hufuata.

Na ulikwisha kumuuliza kama ana mzio wa nyuki au nyigu! Wengi hulisahau swali hilo, ilhali sumu ya wadudu hao ina kimeng'enya cha jamii hiyohiyo. Alijibu hana, ukaandika "hana", ukaweka sahihi isiyosomeka.