Barua ya malalamiko: programu yenu ya sauti inaua Setingi za Windows, na jibu lenu kila siku ni "futa kila kitu"

Kwa Kitengo cha Huduma kwa Wateja,

Habari zenu. Nawaandikia kwa sababu tiketi yangu mmeifunga mkaandika "imetatuliwa" wakati haijatatuliwa, na kule kwenye chati kila nikianza kueleza naletewa mtu mpya anayeanza na "umejaribu kuzima na kuwasha?". Kwahiyo nimeona niweke kila kitu hapa sehemu moja, msome taratibu, alafu mnijibu kitu kinachoeleweka.

Tatizo lenyewe ni hili. Kompyuta ni ya kwenu, ina Windows 11 iliyokuja nayo, na ilikuwa inafanya kazi vizuri kabisa mpaka ile programu yenu ya kujiapdeti ilipojishushia toleo jipya la programu yenu ya kuboresha sauti. Toka hapo nikifungua Setingi, iwe kwa kubofya alama ya gia au kwa kubonyeza Windows na herufi I, dirisha linatokea, ile gia inakaa katikati ya skrini kidogo tu, alafu dirisha linapotea. Hakuna ujumbe wowote wa hitilafu, yaani ni kama sijafungua kitu. Nikiandika ms-settings: kwenye Run, kile kisanduku cha kuandika amri, inakuwa hivohivo, na nikibofya alama ya waifai pale chini nikachagua setingi zaidi, hivohivo.

Naomba msione ni jambo dogo. Siku hizi Windows imehamishia mambo mengi humo ndani. Apdeti za usalama ziko humo, ruhusa za kamera na maikrofoni ziko humo, blututhi, printa, na kukuza maandishi kwa watu wenye shida ya macho. Hii kompyuta anaitumia pia mama yangu, na yeye bila maandishi makubwa hasomi kitu. Control Panel, ile sehemu ya zamani ya setingi, bado ipo, ndiyo, na imenisaidia sana kwenye hii safari, lakini haifanyi kila kitu.

Sasa jibu lenu. Mtu wa kwanza aliniambia niirudishe kompyuta kama ilivyotoka kiwandani, na maelekezo aliyonitumia yanaanza na "fungua Setingi, nenda System, alafu Recovery". Nilimwandikia kwamba Setingi ndo haifunguki, akanitumia maelekezo yaleyale tena. Wa pili akasema nitumie njia ya kushikilia Shift wakati wa kurestati, hiyo kweli inafanya kazi, lakini akaniambia nikichagua kubaki na mafaili yangu "hakuna kitakachopotea", na hiyo sio kweli. Ukichagua hivo mafaili yako yanabaki lakini programu ulizoinstoli mwenyewe zinaondolewa, na mtu mwenye programu za kazi zenye leseni anajua hiyo ni kazi kiasi gani kuzirudisha. Mteja anayewaamini angeshabofya tayari.

Mimi sikufuta, nilianza kutafuta chanzo, na nawaeleza nilichofanya ili asije mtu mwingine kuniambia nianze mwanzo.

Nilianza na mafaili ya Windows yenyewe. Nikafungua Command Prompt, lile dirisha la kuandika amri, kama msimamizi nikaendesha sfc /scannow, amri inayokagua mafaili ya Windows, ikamaliza ikasema haijakuta faili lililoharibika, nikaendesha na DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, ya kurekebisha Windows yenyewe, nayo ikamaliza salama. Nikarestati, Setingi ikajifunga tena. Nikaenda PowerShell, dirisha lingine la amri, nikaireset programu ya Setingi kwa kupitia kifurushi chake, kile kinachoitwa windows.immersivecontrolpanel, hakuna kilichobadilika. Alafu nikajiuliza labda ni akaunti yangu ndo imeharibika, maana hilo hutokea, nikatengeneza akaunti mpya kwa amri ya net user kwasababu kupitia Setingi haiwezekani, nikaingia kwenye hiyo akaunti ikiwa tupu haina kitu, nikafungua Setingi, ikafa vilevile. Kwahiyo mafaili ya Windows ni mazima na akaunti yangu haina shida. Kuna kitu cha pembeni kinaingilia.

Hapo ndo nikafungua Event Viewer, ile sehemu Windows inakoandika matukio na hitilafu zake, na hapa naomba mtu wa ufundi asome kwa makini. Kwenye Windows Logs, upande wa Application, kila Setingi inapojifunga kunaandikwa tukio jekundu namba 1000, Application Error. Programu iliyoanguka imeandikwa SystemSettings.exe, ambayo ndiyo Setingi yenyewe. Namba ya hitilafu ni 0xc0000005, ambayo maana yake programu ilijaribu kugusa sehemu ya memori isiyoruhusiwa kuigusa. Na moduli iliyosababisha, yaani kipande cha programu kilicholeta hitilafu, ni faili la dll ambalo njia yake inaenda kwenye folda yenye jina la kampuni yenu ndani ya Program Files. Sio mara moja, kila tukio ni faili lilelile. Skrinishoti za matukio hayo nilishawatumia kwenye tiketi na hakuna hata mmoja wenu aliyezitaja.

Nikataka kuhakikisha zaidi, nikaingia msconfig, pale unapochagua vitu vya kuwaka pamoja na Windows, nikaficha huduma (programu zinazofanya kazi kimyakimya nyuma) zote za Microsoft, nikazima zilizobaki, nikarestati. Setingi ikafunguka! Ikakaa wazi, nikatembea kila ukurasa, ikatulia. Nikawasha nusu ya zile huduma nikarestati, bado iko sawa, nikawasha nusu nyingine, ikafa, nikaendelea kugawa hivohivo mpaka ikabaki huduma moja tu, ya programu yenu ya sauti. Ninavyoelewa mimi, programu za aina hii huwa zinajichomeka ndani ya programu nyingine zinazoendeshwa ili zishike sauti zake, na hili toleo lenu jipya likijichomeka kwenye Setingi linaiangusha.

Nikaiondoa programu yenu kupitia appwiz.cpl, ile orodha ya programu ya kwenye Control Panel, nikarestati, Setingi ikarudi. Sauti ya spika inaendelea kutoka vizuri tu kwa draiva (programu inayoendesha kifaa) ya kawaida. Nikajua yameisha.

Kilichoniudhi kuliko vyote ndo hiki kilichofuata. Asubuhi nawasha kompyuta, Setingi inajifunga tena. Kumbe ile programu yenu ya kujiapdeti imeona programu ya sauti haipo, imeishusha na kuiinstoli yenyewe bila kuniuliza, na toleo ni lilelile bovu! Jamani, mtu ameondoa kitu kwenye kompyuta yake aliyoinunua kwa hela yake, kwa sababu kinaharibu, nyinyi mnakirudisha kimyakimya? Hiyo hapana. Nimelazimika kuingia Task Scheduler, ile ratiba ya kazi zinazojiendesha zenyewe, kuzima kazi yenu ya apdeti, maana yake sasa hivi sipati hata draiva zenu nyingine, zikiwemo ambazo huenda ni za usalama. Hapo nilipo ni sehemu mbaya, na mmeniweka nyinyi.

Alafu fikirieni ushauri wenu wa kufuta kila kitu. Hata ningekubali, programu zenu za kiwandani zingeweza kurudi pamoja na kompyuta, na ile ya kujiapdeti ingeshusha toleo lilelile. Ningepoteza programu zangu zote, nikae siku nzima naziinstoli upya, na Setingi ingekufa palepale. Mnawaambia wateja wangapi hivi? Sio kila mtu anajua Event Viewer ni nini, wengi wataamini kompyuta imeharibika au wana virusi, watamlipa fundi, fundi atafomati, na kesho yake tatizo lipo.

Ninachotaka sio msamaha wa maneno ya kunakili. Fungueni tena tiketi yangu na muipeleke kwa watu wanaoiandika hiyo programu, wao wakiona hilo jina la moduli na hiyo namba wataelewa haraka kuliko mtu wa chati. Liondoeni hilo toleo kwenye seva zenu leo, rudisheni la nyuma yake mpaka mrekebishe. Wekeni utaratibu kwamba mteja akiondoa programu yenu hairudi mpaka yeye mwenyewe aitake. Na watu wenu wa huduma, kabla hawajamwambia mtu afute kompyuta, wamuulize kwanza Event Viewer inasema nini na wamwelekeze namna ya kuifungua, ni kazi ya dakika chache tu kwenye simu, na wamwambie ukweli kuhusu kinachobaki na kinachoondoka.

Nimeambatanisha tena skrinishoti zote pamoja na faili la matukio lenyewe nililolihifadhi kutoka Event Viewer, na namba ya toleo la programu yenu iko kwenye picha ya kwanza. Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14 kutoka kwa mtu aliyeyafungua hayo mafaili. Nikiletewa tena yale maelekezo yanayoanza na "fungua Setingi", barua hii na viambatanisho vyake nitavipeleka kwenye mamlaka ya kulinda watumiaji na nitadai kurudishiwa hela yangu.

Mteja wenu