Kazi ya nyumbani ni ya Salma

Mama Salma mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata. Unasema Salma yuko darasa la saba, kila jioni ni ugomvi, na hujui usaidie hadi wapi.

Tuanze na muda. Kipimo ambacho walimu wengi hukifuata, na ambacho Harris Cooper, mtafiti wa kazi za nyumbani wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, amekieleza sana, ni dakika 10 kwa kila darasa alilofikia mtoto: la sita 60, la saba 70, la nane 80, masomo yote yakijumlishwa. Kasoro ya umri huu ni kwamba kila somo lina mwalimu wake, na kila mmoja hutoa kazi bila kujua wenzake wametoa nini. Leo kazi ya dakika 20, kesho ya saa mbili nzima. Ikizidi, usimmalizie. Muda ukiisha apige mstari, nawe uandike chini yake: "Amefanya dakika 70, ameishia swali la 7." Hapo mwalimu anapata habari ya kweli, kuliko ukurasa uliojaa mwandiko wa Salma na akili yako.

Lakini kazi nyingi huharibika kabla mtoto hajafika nyumbani. Fungua daftari lake la kumbukumbu. Likisema "Hesabu" basi, jioni atabaki kubahatisha. Linatakiwa lisomeke hivi: Hesabu, uk. 84, maswali 3 hadi 9, onyesha njia, Alhamisi. Ayaandike kengele haijalia, maana akishatoka mlangoni namba za maswali zimeshamtoka.

Kosa la pili linachekesha kidogo: kazi imefanywa, imo mkobani, haikukusanywa. Tafuta jalada moja lenye mifuko miwili, kushoto "ya kufanya", kulia "ya kukusanya". Karatasi ikimalizwa inahamia kulia usiku huohuo, na mkoba unafungwa kabla ya kulala.

Sasa unapokaa naye. Tuseme ameandika −3(x − 4) = −3x − 12. Usiseme "hapo ni jumlisha." Muulize: "Hiyo hasi tatu umeizidisha na nini?" Aguse kila kilichomo ndani ya mabano kwa kidole. Akifika kwenye hasi nne mwenyewe, ataona kwamba hasi mara hasi imempa +12. Asipoona, liache kosa liende shuleni. Mwalimu akilikuta kwenye madaftari mengi anajua kesho arudie nini. Mkilisahihisha nyumbani, anadhani darasa limeelewa. Akikwama kabisa kwa dakika 10, aandike alichojaribu na alipokwamia, aruke, aendelee. Karatasi tupu haimwambii mwalimu chochote.

Simu ikae chumba kingine. Kuigeuza kifudifudi mezani hakutoshi.

Kazi ya wiki tatu ihesabiwe kuanzia mwisho kurudi nyuma: siku ya kukusanya, siku mbili kabla yake za kunakili safi, wiki moja ya rasimu, zilizobaki za kusoma na kukusanya habari. Watoto wa umri huu huona wiki tatu ni muda mrefu mno hadi jioni ya mwisho.

Akisahau daftari nyumbani, usilipeleke. Najua hapo roho itakuuma, lakini kupunguziwa alama chache darasa la saba ni hasara ndogo sana. Ila tofautisha: mtoto anayesahau mara moja moja anajifunza, anayesahau kila siku, au anayetumia saa nzima kwa aya moja, huyo usimwite mvivu. Mpime macho kwanza, kisha uzungumze na mwalimu kuhusu usomaji wake na umakini wake.

Kwa wiki mbili zijazo, Salma aandike mwenyewe saa ya kuanza na saa ya kumaliza kila somo. Nitumie hizo namba, tuone ni somo gani linalokula jioni yenu.

Wako,
Mwalimu Rehema