Barua ya wazi kwa maharusi wa nyumba mpya

Wanangu,

Assalaam alaykum. Nakuandikieni nyinyi mliooana miaka hii ya karibuni mkahamia Fuoni, Kwarara, Tomondo na Kisauni hapa Unguja, na wenzenu wa Chake na Wete kule Pemba. Barua ni ya wake na waume; bwana asimwachie mkewe aisome peke yake akaenda zake barazani.

Nyumba zenu zinapendeza, mashaallah. Marumaru chini, makochi makubwa, mapazia mpaka sakafuni. Lakini mgeni akiingia hajui akae wapi. Kochi bado limevaa plastiki ya dukani, meza ya kioo haiguswi, na mtoto wake akinyoosha mkono tu anapigiwa "Weee!" Anakunywa juisi mbio mbio, anaaga. Na wapo wa upande wa pili: nguo za kufua na zilizofuliwa zimelala pamoja kochini wiki nzima, na hodi ikipigwa watu wanajibanza ndani kimya kama hawapo. Nyote wawili mmekosea pahala pa kutia nguvu.

Nyumba ya pwani ina adui wawili wa kushikwa koo, mchanga na unyevu. Harufu ni mtoto wa unyevu. Hao msiwaonee huruma. Lakini mto uliokaa upande, kigari cha mtoto chini ya meza, kofia ya bwana juu ya friji, hivyo viacheni. Hakuna mgeni aliyekatisha matembezi kwa sababu ya mto.

Tuanze mlangoni, kwa sababu mchanga mwingi unaingia kwa miguu. Kuvua viatu peke yake hakutoshi, maana mguu mtupu uliokanyaga barazani nao unabeba. Wekeni vifuta miguu viwili: cha usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, nje ya kizingiti, kinachokwaruza, na cha kitambaa ndani, kinachomalizia. Cha usumba kikung'uteni kila siku. Kikishajaa mchanga kinaurudisha miguuni badala ya kuutoa. Cha kitambaa kifuliwe kila wiki. Rafu ya viatu ikae nje kwenye kivuli, si nyuma ya mlango, ambako viatu vya mvua vitaeneza harufu yake mpaka sebuleni.

Deki nayo ina adabu zake. Fagia kwanza, tena kutoka ndani kwenda mlangoni, kwani mchanga ukiroweshwa unageuka msasa chini ya tambara na marumaru yanapoteza mng'aro. Kisha ndoo mbili: moja ya lita 10 yenye kijiko kimoja cha chakula cha sabuni ya maji, nyengine ya maji matupu ya kusuuzia tambara. Wengi wenu mnamimina sabuni mpaka povu lifurike, mkidhani ndio usafi. Sabuni iliyozidi haitoki. Inabaki sakafuni kama utando, miguu inanata, na vumbi la mchana linakamata hapo hapo. Ndio maana mnapiga deki asubuhi na ikifika magharibi sakafu ina ramani ya nyayo. Tambara likamuliwe hasa, feni iwashwe mpaka pakauke.

Chooni ndiko mgeni anakoipima nyumba, ingawa hatokwambia. Pakiwa na maji yaliyotuama, mwanamke mwenye buibui refu atalishika kwa mkono mmoja, mkoba kwa mkono wa pili, na kata hana wa kuishikia. Basi pigilieni ndoano mbili nyuma ya mlango, urefu wa bega. Tundikeni na mpira wa kukaushia maji, na kila anayekoga asukume maji kwenye tundu kabla ya kutoka, baba akiwemo. Kandambili kavu mlangoni, sabuni, taulo dogo safi, na ndoo yenye mfuniko ijazwe kila mfereji unapotoka, kwa sababu siku ya wageni wengi ndiyo siku ya kukatika maji. Dawa ya klorini msiichanganye hata siku moja na siki wala na asidi ya kusafishia choo. Mvuke wake unaumiza mapafu, na chumba chenyewe ni kidogo.

Sasa unyevu, na hapa nitakaa kidogo.

Masika ikianza Machi mpaka Mei, hewa yenyewe inakuwa maji. Kabati lililosukumwa likagota ukuta linaota kuvu mgongoni, na nguo zinaanza kunuka kabla hamjaliona. Acheni nafasi ya vidole vinne baina ya kabati na ukuta, na milango yake ifunguliwe nusu saa kila siku isiyo na mvua. Kuvu likishatoka, jifungeni kitambaa puani, pangusa kwa tambara lililoloweshwa siki na maji nusu kwa nusu, acha kidogo, pangusa tena kwa maji matupu, kisha kausheni kwa feni au jua. Msilipangushe kavu kavu, vumbi lake litaruka na kuota pahala pengine.

Mnaokaa Mji Mkongwe mna kesi ya peke yenu. Kuta zile ni mawe na chokaa. Zinakunywa unyevu na kuutoa. Mkizipiga plasta ya saruji na kupaka rangi ya mafuta ili zing'ae kama za Fuoni, unyevu unakosa pa kutokea. Rangi inavimba, inabanduka, na chumba kinanuka uvundo hata mkipige deki mara tano. Ukuta wa chokaa upakwe chokaa.

Sebule inayofungwa kusubiri wageni ndiyo inayochafuka kuliko vyumba vyote. Haipati upepo, pazia linanyonya unyevu, zulia linanyonya zaidi, na mgeni anapofunguliwa anapokewa na harufu ya chumba kilichofungiwa. Kila asubuhi fungueni madirisha mawili yanayotazamana, au dirisha na mlango wa upande wa pili, saa moja nzima. Dirisha moja haliingizi hewa kama hakuna pa kutokea. Na zulia la kugandishwa chini ukuta hadi ukuta silipendi kwa visiwa vyetu: mchanga unashuka kwenye shina la nyuzi na kuzikata, mkojo wa mtoto unabaki humo humo. Chukueni la kukunjika, linalotoka nje.

Plastiki ya kochi ivuliwe leo. Wakati wa joto la kaskazi inagandana na mapaja ya watu, na chini yake kitambaa kinaota madoa ya kuvu kwa sababu hakipumui. Shoneni foronya za kochi za pamba, seti mbili, moja imevaliwa na moja imefuliwa. Zichagueni za maua au mistari, rangi ya kati. Nyeupe itakufanyeni walinzi wa kochi, nyeusi itaonesha kila vumbi.

Lakini kitu kinachomaliza ugomvi wa kochi na watoto ni mkeka. Mkeka mpana wa ukindu ukitandikwa pembeni mwa sebule, na mito mitatu minne ukutani, watoto wanahamia huko wenyewe, na bibi mwenye magoti mazuri naye atashuka. Juisi ikimwagika ni jambo la tambara, si la msiba. Mkeka lakini una masharti, na mingi inakufa mikononi mwenu kabla ya mwaka. Mtu akiukunja kama shuka, ukindu unavunjika penye mkunjo, na baada ya miezi unachanika mstari ulionyooka. Mkeka huviringishwa. Ukishaviringishwa usimame pembeni juu ya kibao, usilale kwenye sakafu yenye unyevu. Kupangusa ni kwa tambara lililokamuliwa mpaka likaribie kukauka, kufuata mwendo wa msuko. Maji mengi yanatoa rangi nyekundu ikaingia kwenye nyeupe. Ukirowa, utundikeni kwenye kamba kivulini penye upepo, pande zote mbili. Jua kali linaupausha na kuufanya mkavu ukatike. Tazameni pia mshono unaounganisha shupatu na shupatu, yaani zile kanda za ukindu uliosukwa: uzi ukifumuka kidole kimoja, ushoneni siku hiyo hiyo, maana wiki ijayo utakuwa mkono mzima.

Mito ya sufi ni kinyume cha mkeka, inataka jua na haitaki maji. Sufi ikirowa inagandamana vipande na haisimami tena. Fueni foronya tu. Mto wenyewe upelekwe juani saa tatu asubuhi, ugeuzwe adhuhuri, upigwe kidogo kwa kiganja, na uingizwe ndani kabla ya alasiri kupoa, ungali na moto. Usiku mtauona umejaa kama mpya. Kipupwe cha Juni hadi Agosti ndio msimu mzuri wa kuitoa yote pamoja na magodoro.

Udi mnautumia vibaya, niruhusuni niseme. Udi juu ya uvundo hauondoi uvundo. Mgeni anapata harufu mbili. Fanyeni kwanza kazi ya samaki: maji ya kuoshea yamwagwe nje, sinki ioshwe kwa maji ya baridi na sabuni kabla ya ya moto, kwa sababu ya moto yanaugandisha ute wake, kisha isuguliwe kwa ganda la ndimu. Matumbo yatoke jioni hiyo hiyo. Nyumba ikishakauka ndipo mfukize. Kaa liwake mpaka livae jivu jeupe, na msilipangushe jivu hilo, ndilo linalopunguza ukali wa moto. Udi wetu wa kupika una sukari. Ukiuweka juu ya kaa jekundu unaungua na kutoa harufu ya sukari iliyoshika chini ya sufuria. Kipande kama punje ya kunde kinatosha chumba kimoja. Fukizeni mapema, robo saa kabla ya wageni, dirisha wazi, kwani huenda miongoni mwao yupo mwenye pumu au mtoto mchanga. Na chetezo kisilale chumbani kimefungiwa na watu: makaa yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na imeshaua watu usingizini.

Vyombo vya wageni vilivyofungiwa kabatini, vishusheni. Vikombe sita vitumike kila siku. Kikivunjika kimoja, kimevunjika.

Kwa vitu vya watoto, kila chumba kikapu kimoja chenye mfuniko. Kimoja, kwa sababu vikapu vitatu vya kupanga kwa aina hakuna mtoto atakayevifuata, wala baba yake. Hodi ikipigwa bila taarifa, na kwetu taarifa ni hodi yenyewe, mwitikieni mtu "Karibu!" hapo hapo, akae barazani dakika tano kwa mazungumzo. Mmoja wenu anakaa naye. Mwengine anatia vya sakafuni kikapuni, anakausha choo, anafungua dirisha, anaweka maji ya chai. Chumba cha kulala kinafungwa mlango, na humo muna haki ya fujo yenu. Msianze kumwomba radhi mgeni kwa hali ya nyumba. Atajiona amekuja wakati mbaya. Mpeni maji baridi kwanza, na kopo la visheti au kashata liwe linajulikana lilipo, lililofungwa barabara sisimizi wasitangulie.

Mswala safi ukae ukumbini, umekunjwa, pamoja na kanga mbili za kujitanda. Mgeni asiyejua nyumba aoneshwe kibla bila ya kuuliza. Kwetu ni karibu kaskazini tupu, basi pangeni fanicha kona moja ibaki wazi upande huo.

Waume, Bibi Aisha ameeleza kwamba Mtume (S.A.W.) akiwa nyumbani alikuwa katika kuwahudumia watu wake, ukifika wakati wa sala akatoka. Kubeba zulia zito na magodoro kwenda juani ni kazi yenu, na ule mpira wa chooni nimeshausema.

Ile plastiki mliyoivua kwenye makochi msiitupe jaani. Kateni vipande, vifunikeni magunia ya makaa uwani kabla masika haijaingia. Makaa yaliyorowa yanatoa moshi mwingi, na udi wenu utanuka moshi huo.

Wasalaam,
Bibi yenu, Unguja