Bei ya spika ya kwanza si bei ya nyumba nzima

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya wasomaji nizungumzie jambo ambalo huandikwa kama habari njema tupu, nalo ni kushuka kwa bei ya spika zisizo na waya, zile zinazounganishwa kwa Wi-Fi na kupiga muziki mmoja katika vyumba vyote vya nyumba. Mimi ni fundi wa vyombo vya sauti, na baadhi ya wateja wangu hutumiwa spika hizo na ndugu zao walioko Marekani, hivyo yanayotokea katika soko la huko hunifikia mezani.

Ni kweli bei zimeshuka. Kampuni ya Sonos ya California ilipoanza kuuza mitambo yake mwaka 2005, seti ya vifaa viwili na rimoti iligharimu takriban dola 1,200, na bado mnunuzi alitakiwa kujitafutia spika zenyewe. Mwaka 2013 kampuni hiyohiyo ilitoa spika kamili, Play:1, kwa dola 199. Kisha wakaingia wakubwa: Amazon na spika yake ya Echo mwaka 2014, Google na spika yake ya Home mwaka 2016, na mwaka uliofuata Home Mini ikauzwa dola 49.

Hata hivyo, kampuni inayopata faida yake katika matangazo au katika duka la mtandaoni inaweza kuuza spika bila faida yoyote, kwa kuwa inachokitafuta ni nafasi sebuleni kwa mnunuzi. Patrick Spence, aliyekuwa mkuu wa Sonos, alililalamikia jambo hilo mbele ya kamati ndogo ya Bunge la Marekani Januari 2020, mwezi uleule kampuni yake ilipoishtaki Google kwa kukiuka hataza zake, yaani haki za kisheria za uvumbuzi wake. Alikuwa na maslahi katika kuyasema hayo, lakini naamini hoja yake ni ya haki, kwani anayeishi kwa kuuza spika hawezi kupambana kwa bei na asiyehitaji faida ya spika.

Gharama ya ugomvi huo iliwaangukia wanunuzi. Tume ya Biashara ya Kimataifa ya Marekani ilipoamua Januari 2022 kwamba Google ilikiuka hataza tano za Sonos, Google ilibadili programu yake, na watu waliozoea kupandisha sauti ya kundi zima la spika kwa mara moja wakaambiwa warekebishe moja baada ya nyingine. Spika zilikuwa zilezile, zimekwisha kulipiwa, na wenyewe hawakuulizwa.

Wala Sonos si mnyonge asiye na lawama. Programu yake haizipokei spika za Bose wala za Yamaha. Njia ya kuzichanganya ni kupitia AirPlay, mfumo wa Apple wa kurusha muziki bila waya, ambao humlazimu mtu awe na kifaa cha Apple. Kwa hiyo mwenye spika mbili za kampuni moja anapotaka ya tatu kwa ajili ya jikoni, ushindani wote tunaosifiwa umekwisha kumpita, na bei atakayotajiwa ndiyo atakayolipa. Mwaka 2020 Sonos ilitangaza kwamba vifaa vyake vya zamani havitapata tena programu mpya, na ingawa wateja walipopiga kelele iliahidi kuendelea kurekebisha kasoro za usalama, vifaa hivyo vilitengwa katika programu ya peke yake na haviwezi kupangwa kundi moja na vipya.

Nawaomba waandishi wenu wa habari za biashara, kila wanapotaja bei ya vifaa hivi, wataje pia miaka ambayo mtengenezaji ameahidi kuvihudumia, na kama vinakubali kufanya kazi na vya kampuni nyingine. Uingereza, tangu 29 Aprili 2024, sheria inamtaka mtengenezaji wa vifaa vya aina hii atangaze muda wa chini wa kutoa masasisho ya usalama, na sioni kwa nini mnunuzi wa hapa asipewe taarifa hiyohiyo.

Kwa sasa, mteja anayeniuliza namshauri anunue amplifaya na spika za kawaida za waya, kisha achomeke hapo kipokezi kidogo cha Wi-Fi, ili kampuni itakapokitelekeza kipokezi hicho, abadilishe hicho tu na spika zake zibaki ukutani.

Fundi wa vyombo vya sauti,
Tanga