Eksirei ya mkono haina tarehe ya kuzaliwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua. Juzi mliandika habari ya kijana aliyekamatwa akasema ana miaka 16, akapelekwa kupigwa picha ya mkono, na kichwa cha habari kikasema eksirei "imethibitisha" ana 19. Mimi kazi yangu ndo hiyohiyo ya kupiga eksirei, na hilo neno imethibitisha limenikaa kooni tangu nilisome.

Kinachofanyika ni hivi. Unalaza kiganja cha kushoto, vidole vimeachana, unapiga. Kwa mtoto anayekua, karibu na ncha za mifupa kuna gegedu, yaani sehemu laini ambayo bado haijawa mfupa, na gegedu haionekani kwenye eksirei, kwa hiyo unachoona ni mfupa, alafu ufa mweusi, alafu kipande kingine cha mfupa kimekaa juu kama kofia. Jinsi anavyokua ule ufa unabana, unabana, mwisho unaziba na kubaki mstari mweupe mwembamba ambao nao unakuja kufutika. Kuna na kale kamfupa penye maungio ya dole gumba, punje tu, kanajitokeza kipindi cha balehe, nikikaona najua homoni zimeshaingia kazini.

Baada ya hapo daktari wa picha anachukua atlasi, yaani kitabu cha picha za mikono ya watoto wa kila umri, na kulinganisha. Inayotumika sana ni ya Greulich na Pyle, ilitoka 1950 na toleo la pili 1959, na picha zake ni za watoto wa Cleveland, Marekani, kuanzia miaka ya 1930, wazungu, tena wa familia zenye uwezo. Ni kazi nzuri sana ile, siibezi, ila haikutengenezwa kumjua mtu alizaliwa lini. Ilitengenezwa kujua mtoto ambaye umri wake unajulikana anakua vizuri au amechelewa, na hapo kweli inasaidia. Mama analeta kijana wa miaka 13 mfupi kuliko wenzake wote darasani, picha inatoka na mifupa ya miaka 11, hapo unaweza kumpa moyo kwamba bado ana safari ya kurefuka.

Lakini mnaona hapo? Ana 13, mifupa inasema 11, na mara nyingi haumwi kitu, ndivyo alivyo. Mwingine anatangulia. Lishe mbovu inachelewesha, tezi ya shingo ikizembea inachelewesha, balehe ya mapema inaharakisha, na wasichana wanawatangulia wavulana kwa kama miaka miwili. Kwa vijana wa umri huo tofauti ya kawaida tu ni kama mwaka mmoja, kwa hiyo ukitaka kuwachukua karibu wote lazima useme miaka miwili juu na miwili chini. Picha inayofanana na ya 17 inaweza kuwa ya mtoto wa 15 au ya mtu wa 19, na sheria ndo imeweka mstari wake palepale katikati, kwenye 18!

Alafu kuna kitu wengi hawakijui, mkono ukishafunga umefunga. Picha ya mwisho ya wavulana kwenye atlasi ni ya miaka 19, lakini wapo wanaofikia hapo na 16 au 17, na baada ya hapo wa 20 na wa 40 kwa mkono huo wanafanana tu. Ndo maana wengine wanaenda kuangalia mtulinga, ule mfupa wa kutoka kifuani mpaka begani, maana upande wake wa kifuani unachelewa kufunga mpaka miaka ya ishirini na kitu, na magego ya mwisho pia. Vinasaidia, ila navyo vinatoa makadirio. FIFA nao tangu 2009 wanapima mikono ya wachezaji wa chini ya miaka 17 kwa mashine ya sumaku isiyo na mionzi, ila kukosa nafasi kwenye mashindano na kulala gereza la watu wazima ni vitu viwili tofauti kabisa.

Na hilo la gereza silitungi. Australia walipima hivihivi mikono ya vijana wa Indonesia waliokutwa kwenye boti za kuvusha wahamiaji, wengine wakaishia kwenye magereza ya wakubwa, mpaka 2012 tume yao ya haki za binadamu ikatoa ripoti kwamba picha ya mkono haifai kuamua kama mtu amevuka 18.

Ninachowaomba Mhariri ni kidogo, mkiandika habari hizi ulizeni ripoti imesema kati ya ngapi na ngapi, na muiandike hivyohivyo. Najua si rahisi. Niliwahi kuona jamaa amekuja na fomu ya kupimisha umri, daktari wetu akamwandikia kati ya 15 na 19, jamaa akaigeuza ile karatasi, akaigeuza tena, akauliza sasa hii naiweka wapi, maana kisanduku kina nafasi ya tarakimu mbili tu.

Ni mimi msomaji wenu,
Mpiga picha za eksirei