Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Kigoma: tunavyopokezana wagonjwa

Mheshimiwa Mganga Mkuu,

Shikamoo. Mimi ni muuguzi mkunga. Nimefanya kazi kituo cha afya cha mwambao wa Ziwa Tanganyika, na sasa niko wodi ya wazazi mjini. Ninachoomba ni tupeane taarifa kamili tunapopokezana wagonjwa; hakihitaji jengo wala mashine.

Mama mwenye kifafa cha mimba huchomwa kituoni dozi ya kwanza ya magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege: gramu 4 kwenye mshipa na gramu 10 kwenye makalio. Kisha anapakiwa kwenye boti au gari. Barua ya rufaa inasema "amepewa dawa". Dawa gani, kiasi gani, saa ngapi? Anayempokea akirudia dozi, anaweza kumkata mama pumzi. Akiacha, degedege linaweza kurudi. Barua kama hiyo imenifikia usiku, simu ya aliyeiandika haipatikani, na wifi wa mgonjwa anachojua ni kwamba "alichomwa sindano nyingi". Nikabaki natafuta dalili za dawa kuzidi: nagonga goti nione kama mguu unaruka, nahesabu pumzi, natazama mkojo kwenye mfuko.

Tunashukuru kwa m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga. Ukipiga 115 usafiri wa dharura unatafutwa. Basi na anayetoa rufaa ampigie anayepokea kabla mgonjwa hajaondoka, na anayepokea arudie kwa sauti alichosikia: dawa, kiasi, saa.

Wodini nako, ripoti ya zamu husomewa mezani, anayetoka ameshaning'iniza mkoba begani. Ihamie kitandani kwa mgonjwa. Mara nyingi ndugu anayemuuguza ndiye anayejua dripu ilisimama saa ngapi.

Gumu zaidi ni kusema mbele ya mkubwa. Mwanafunzi wa uuguzi anaona dozi imekosewa, ananyamaza, kwa sababu mwenzake aliyeuliza alikaripiwa mbele ya wagonjwa. Tumelelewa kuheshimu wakubwa, na ni vizuri. Lakini kuuliza "Daktari, hizi ni gramu au miligramu?" si utovu wa adabu, na daktari anayejibu kwa upole anamlinda mgonjwa wake.

Haya si mageni nchini. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani ilijaribiwa katika hospitali 8 duniani, mojawapo ikiwa ya Ifakara, hapa Tanzania. Matokeo yaliyotolewa 2009 yalionyesha vifo vya waliopasuliwa vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Orodha hiyo inamtaka kila aliyemo chumba cha upasuaji ataje jina na kazi yake kabla ya mgonjwa kupasuliwa, hata yule mdogo kabisa.

Naomba utoe waraka kwa hospitali, vituo na zahanati zote za mkoa. Na timu yako ikija kwenye usimamizi shirikishi, isiishie kukagua rejista. Imuulize nesi wa zamu: ripoti ya asubuhi hii mmepeana wapi, na mgonjwa alikuwa anasikia?

Wako katika kazi,
Muuguzi mkunga, Kigoma