Barua kwa Salim: chujio la mafuta likiziba

Ndugu yangu Salim,

Salamu nyingi, na shikamoo zangu zimfikie mama hapo nyumbani. Ama baada ya salamu, barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema injini ya ndege yako inawaka vizuri, majaribio kabla ya kuruka hayaonyeshi kasoro, lakini ukishapaa dakika moja na kidogo geji ya presha ya mafuta inashuka na mizunguko inayumba. Ukiinamisha pua na kupunguza nguvu, inarudi kama haikuwahi kuumwa. Wewe unashuku kabureta. Mimi nashuku njia ya mafuta, na chujio ndilo la kwanza kwenye orodha. Ila usilitupe wala usinunue jipya kwanza, na hiyo ndege isiruke mpaka tumalize.

Tuanze na sababu ya injini kukudanganya ukiwa chini. Injini yako, Rotax 912 ULS, ikiwa katika nguvu ya kupaa hunywa kama lita 27 kwa saa, yaani mililita 7.5 kila sekunde. Kwa nguvu ya asilimia 75 hunywa kama lita 18.5. Wavu wa chujio uliofunikwa nusu unaweza kupitisha 18 bila shida na ukashindwa kupitisha 27. Juu ya hapo, mabakuli ya kabureta zako mbili za Bing yana akiba yake. Ukisukuma nguvu sekunde kumi na kurudisha, injini imekunywa ya bakulini na chujio hujaliuliza chochote. Ndiyo maana tatizo linangoja uwe juu ya miti.

Na kuna jambo linalowachanganya hata mafundi wazoefu. Chujio likiziba upande wa kufyonza, pampu huvuta kwa nguvu zaidi, presha ndani ya bomba la mpira hushuka, na petroli ya magari, ambayo huvukiza upesi kuliko avgas (petroli ya ndege), huanza kutoa mvuke humo humo njiani. Mvuke huo huziba njia. Fundi atasema ni joto, ataongeza matundu ya hewa kwenye kifuniko cha injini, hali itapungua kidogo, kisha itarudi. Joto lilikuwepo kweli, lakini chujio ndilo lililolipa joto hilo nafasi.

Kabla ya kufungua kitu chochote, kagua tundu la hewa la kila tangi. Likiziba, tangi hubaki likijivuta lenyewe na dalili zake ni zile zile za chujio. Fungua kifuniko cha tangi mara tu baada ya kuzima injini na usikilize: ukisikia hewa ikiingia kwa mfyonzo, umeshapata pa kuanzia. Nyigu wanaojenga kwa udongo wanapenda sana bomba dogo la namna hiyo, na ndege ikilala nje wiki moja inawatosha. Chomeka kipande cha mpira kwenye tundu, kifuniko kikiwa wazi, upulize kwa mdomo. Kwa mdomo tu! Upepo wa kompresa utalivimbisha tangi la alumini kabla hujaondoa kidole kwenye kitufe.

Tundu likiwa safi, sasa pima mtiririko. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko geji. Fanya nje ya banda, muwe wawili, mtungi wa kuzimia moto ukiwa mkononi mwa mmoja wenu. Tumia chombo cha chuma, na uunganishe waya kati ya chombo na mwili wa ndege ili umeme tuli usiruke cheche. Ndoo ya plastiki usiiguse.

Mwongozo wa FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, wa kujaribu ndege za kujitengenezea, AC 90-89, unataka pua iinuliwe nyuzi 5 zaidi ya pembe kali kabisa utakayopaa nayo. Kwa ndege yako ya magurudumu matatu, panda gurudumu la pua juu ya mbao imara, funga mkia chini, weka kabari kwenye magurudumu makuu. Pima pembe kwa simu kabla hujafungua mafuta, kisha simu iende mbali. Matangi yawe na mafuta machache, lita chache tu juu ya kiasi kisichotumika, kwa sababu tangi lililojaa husukuma kwa uzito wake na kuficha kasoro.

Mfumo unaolishwa na pampu unatakiwa utoe asilimia 125 ya kile injini inachohitaji wakati wa kupaa. Kwa 27 hiyo ni lita 33.75 kwa saa, yaani lita moja ndani ya sekunde 107. Mfumo wa mafuta kushuka kwa uzito wake tu unatakiwa utoe asilimia 150: lita moja ndani ya sekunde 89. Pampu ya injini haifanyi kazi injini ikiwa imezimwa, hivyo washa ile ya umeme, na upokee mafuta pale mpira unapoingia kwenye kabureta.

Ukipata sekunde 140, kwa mfano, usirukie chujio bado. Rudi nyuma hatua kwa hatua kuelekea tangini: pima kabla ya pampu ya injini, kisha kabla ya pampu ya umeme, kisha kabla ya gaskoleta (kile kikombe cha chini kinachokusanya maji na uchafu), kisha kwenye shina la bawa, kushoto peke yake na kulia peke yake. Huku nyuma ya pampu mafuta yatakuja kwa uzito wake tu, kwa hiyo usilinganishe na 107; linganisha sehemu na sehemu. Mahali mtiririko unapofufuka ghafla, mgonjwa yuko kati ya hapo na kipimo kilichotangulia. Bawa moja likitoa vizuri na jingine likisuasua, tafuta ule wavu mdogo ulio ndani ya mdomo wa tangi, ambao watu husahau kwamba upo.

Sasa fungua chujio. Funga valvu, weka chombo chini, lifungue bila kulipindua, na yale mafuta yaliyobaki upande wa kuingilia yamwage juu ya karatasi ya kuchujia kahawa. Kitambaa kitakuongezea nyuzi zake na utashindwa kujua zipi ni zako. Acha karatasi ikauke kivulini, kisha chukua lenzi na sumaku. Hapa usiwe na haraka, Salim, maana uchafu huo ndio shahidi pekee ulio naye. Anayeusuuza na kufunga upya atarudi pale pale baada ya saa kumi za kuruka.

Vipande vinavyong'aa visivyoshikwa na sumaku ni alumini: mabaki ya dreli na riveti, au ya ndani ya tangi lililolehemewa halikusuuzwa vizuri. Ndege mpya huyatoa katika saa za mwanzo kwa sababu mtetemo unayang'oa pembeni, na hupungua kila unapofungua. Yasipopungua, kuna kitu kinasagika. Vumbi jekundu lina ndugu wawili wanaofanana, udongo na kutu, sumaku inaweza kukusaidia kuwatenganisha. Udongo umeingia kwa faneli uwanjani, kutu imetoka kwenye dumu la chuma. Unga mweupe ni alumini iliyoliwa na maji yaliyokaa chini ya tangi. Nyuzi ni za matambara ya kufutia.

Chembe nyeusi laini ni mpira. Mara nyingi zinatoka mahali mpira ulipokatwa kwa msumeno badala ya wembe, au uliposukumizwa kwa nguvu kwenye mdomo wa bomba ukachunwa ndani. Lowesha mdomo wa bomba kwa petroli kidogo, uingie wenyewe. Lakini chembe nyeusi zikiwa nyingi, na zinapaka vidole kama masizi, mpira wenyewe unaoza. Ukate kwa urefu uangalie ngozi ya ndani. Ikishabanduka hugeuka kama ulimi: ukipuliza hewa inapita, pampu ikivuta ulimi unafunga. Mpira wa namna hiyo unaweza kukufanya ubadilishe machujio mwaka mzima. Rotax wanataka mipira yote ya mafuta ibadilishwe kila miaka 5, hata kama kwa nje inang'aa.

Ukikuta uji unaonata au nyuzi zinazovutika, uliza ni nani alitumia silikoni kwenye maungio. Silikoni ya kawaida ya gasketi haistahimili petroli. Inavimba, inakatika, inasafiri. Utepe mweupe wa mafundi bomba nao ni hivyo hivyo, vipande vyake huenda kulala kwenye wavu. Tumia dawa ya nyuzi za skrubu inayostahimili mafuta, kidogo, na uache nyuzi mbili za mwanzo za skrubu bila kitu.

Kuna kisa kimoja ambacho karatasi yako ya kahawa itatoka safi kabisa na chujio bado limeziba. Ni chujio la karatasi la gari lililokutana na maji. Karatasi ikilowa maji huvimba na kukataa kupitisha petroli, wala huoni uchafu wowote. Petroli yenye ethanoli huleta balaa hili kirahisi, kwani ethanoli hubeba maji, kisha ikizidiwa au ikipoa hujitenga nayo na kuyaacha chini. Pima hivi: chupa nyembamba yenye alama, mililita 10 za maji, 90 za petroli, tikisa, acha itulie. Tabaka la chini likipanda juu ya alama ya 10, kuna ethanoli. Rotax wanaruhusu hadi asilimia 10 kwa injini hii, lakini injini kuruhusu hakumaanishi mipira yako na boya za tangini zimeruhusu.

Kwa hiyo chujio jipya lisiwe la karatasi. Chukua la wavu wa chuma cha pua linalofunguka na kusafishika, tundu la kama milimita 0.1. Usidanganyike kwamba lenye matundu madogo zaidi ndilo bora. Chujio la maikroni 10 (milimita 0.01) ni la injini za sindano, zinazopuliziwa mafuta bila kabureta, baada ya pampu ya presha kubwa, na ukiliweka upande wa kufyonza umejitengenezea kizibo. Yale ya kioo ya pikipiki yanapendeza kuona mafuta yakipita, lakini karibu na injini yenye moto mimi siyataki. Angalia mshale wa upande, usicheke, wengi hulifunga kinyume. Na usirundike machujio. Wavu wa matundu makubwa kwenye kila tangi, chujio moja la matundu madogo mahali pa chini kabisa ambapo maji yatakaa na unaweza kuyatoa, basi. Kila la ziada ni mahali pengine pa kuziba ambapo hutakumbuka kufungua.

Tangi lisuuzwe kabla chujio jipya halijaingia. Toa wavu wa mdomo, tia lita 5 za petroli safi, tikisa bawa juu chini, mwaga kupitia faneli yenye karatasi. Rudia mpaka mara mbili mfululizo karatasi itoke safi. Sabuni na maji usitumie, na mashine ya kufyonza vumbi isikaribie kabisa, mota yake ina cheche na tangi tupu lina mvuke.

Fungua pia mabakuli ya kabureta. Chembe ikikaa kwenye sindano ya boya, sindano haitafunga na mafuta yatamwagika karibu na bomba la moshi, tatizo la kinyume na hilo lako na baya zaidi. Ukiwa humo, pima boya kwenye mizani ndogo: mbili za bakuli moja zisizidi gramu 7 kwa pamoja. Zikizidi zimenyonya mafuta. Kwenye mpira wa kurudisha mafuta tangini kuna kizuizi cha tundu la milimita 0.35, hakikisha kipo na hakijaziba.

Ukishafunga yote, washa pampu ya umeme dakika 5 na upitishe kidole kikavu kwenye kila kiungo. Funga gaskoleta kwa waya wa usalama. Rudia kipimo cha mtiririko, uandike sekunde kwenye daftari la ndege. Namba hiyo itakufaa kila mwaka. Halafu ifunge ndege kwa kamba na kabari, nguvu kamili kwa dakika mbili ukiangalia joto. Presha isishuke chini ya bar 0.15, kikomo cha juu ni 0.4 kwa pampu za zamani na 0.5 kwa za baadaye. Baada ya saa ya kwanza angani fungua chujio tena, kisha saa ya 5, ya 10, ya 25.

Ikitokea siku moja presha ikashuka tena katika kupaa: pua chini kwanza, pampu ya umeme, punguza nguvu mpaka injini itulie kwenye kile inachopewa, na utue mbele yako kama uko chini. Usigeuke kurudi uwanjani.

Nitumie picha ya karatasi ya kahawa ikishakauka, na sekunde za kila kipimo, kushoto na kulia. Usifute kitu.

Wasalaam,
Rafiki yako Hamisi